Noti Moja Barabarani



Nianze kwa kuungama. Miaka kadhaa iliyopita, kwenye barabara kuu ipitayo hapa Ubena kuelekea Morogoro, nilisimamishwa nikiwa nachelewa Misa ya kigangoni. Bima ya gari ilikuwa imekwisha. Nikatoa noti, nikaruhusiwa. Hakuna aliyefungua buti. Tangu siku hiyo najiuliza: je, aliyekuja nyuma yangu alibeba nini?

Swali hilo lina historia katika nchi zetu. Tarehe 7 Agosti 1998 mabomu yalilipua balozi za Marekani, yakaua watu zaidi ya 200 Nairobi na 11 Dar es Salaam. Baada ya hapo Kenya ilihitaji pasipoti zisizoghushiwa kwa urahisi na maabara ya polisi ya kuchunguzia uhalifu. Mikataba ya mambo hayo hayo ikapewa Anglo Leasing, ambayo, kashfa ilipofichuka mwaka 2004, ilibainika kuwa jina tupu. Fedha za kumlinda raia zikageuzwa mawindo.

Nasi mkoani Pwani tumeonja uchungu. Mwaka 2017, huko Kibiti na wilaya jirani, viongozi wa vijiji waliuawa kwa risasi, na mwezi Aprili askari polisi 8 waliuawa siku moja. Wakati kama huo Serikali huhitaji jambo lisiloletwa na silaha: mwananchi aliyeona awe tayari kusema. Lakini atasemaje mbele ya ofisi iliyomwuzia haki yake? Na kijana aliyekamatwa bila kosa, akaona mwenye fedha anatoka naye anabaki, amekwisha kuandaliwa kwa ajili ya mhubiri wa chuki. Mhubiri huyo hana haja ya kutunga uongo. Humwonyesha tu jeraha lake.

Wala tusidanganyike kwamba adui ni jirani yetu Mwislamu. Yeye pia huombwa hongo. Yeye pia huzika.

Kitabu cha Kutoka (23:8) kinakataza rushwa kwa kuwa hupofusha. Mlinzi aliyepofushwa halindi kitu. Sheria ya mwaka 2007 nayo humhesabu mtoaji kuwa mkosaji kama mpokeaji. Basi kila jumuiya ndogo ndogo ijiulize: ni wapi hapa kwetu tunanunua haki? Anayedaiwa hongo asiachwe peke yake. Viongozi wa walei wamsindikize ofisini, na ikibidi hadi TAKUKURU.

Kwa upande wangu, siku nyingine nitalipa faini, na buti nitalifungua mwenyewe.