Bahati ya ghafla na madai ya jamaa: kutoka Olaya hadi kijijini

Katika mtaa wa Olaya mjini Riyadh, baina ya jumba la Al Faisaliah na lile la Kingdom Centre lenye urefu wa mita 302, dhahabu na saa za bei kubwa huuzwa hadharani, lakini hakuna duka linalouza tikiti ya bahati nasibu. Kamari imepigwa marufuku nchini Saudi Arabia kwa mujibu wa sheria ya Kiislamu. Hata hivyo, suala la utajiri wa ghafla na namna unavyotikisa udugu na urafiki linawagusa Waafrika Mashariki wanaofanya kazi mjini humo, pengine kuliko wengi wanaocheza kamari kila wiki.

Inafaa kukumbuka sababu ya katazo lenyewe. Aya ya 91 ya Surat al-Maida, inayozungumzia ulevi na kamari, haianzi na hasara ya fedha. Inataja kwanza uadui na chuki baina ya watu, kisha kuzuiwa kumkumbuka Mungu na kusali.

Jirani zao wa Umoja wa Falme za Kiarabu wamefuata njia nyingine. Mwaka 2023 waliunda mamlaka ya kusimamia michezo hiyo, na mwishoni mwa 2024 wakaanzisha bahati nasibu ya taifa yenye zawadi kuu ya dirham milioni 100. Zawadi hiyo ilinyakuliwa Oktoba 2025 na mkaazi wa Abu Dhabi mwenye asili ya India.

Afrika Mashariki haikungoja Ghuba. Nchini Kenya, mwaka 2017, kampuni ya SportPesa ilimkabidhi mshindi mmoja zaidi ya shilingi milioni 221, na habari zake zikaenea nchi nzima. Uingereza humruhusu mshindi wa bahati nasibu ya taifa kuficha jina lake. Tofauti hiyo si ndogo, kwa sababu mgogoro huanza pale fedha zinapojulikana, hata kabla hazijatumika.

Mpwa anahitaji ada ya shule. Shangazi ana deni la hospitali. Kuna matanga, kuna mchango wa harusi, kuna jamaa aliyemsomesha mshindi zamani na ambaye hakuwahi kudai chochote. Kila ombi likitazamwa peke yake ni la haki, na ndiyo maana kukataa kunauma. Rafiki waliyezoea kulipiana chai hajui tena nani atoe pesa. Akilipa yeye anaonekana mjinga, asipolipa anaonekana kupe.

Simulizi inayopendwa magazetini, ya mshindi anayeishia ufukara, haipaswi kuchukuliwa kuwa kanuni. Utafiti mkubwa wa Sweden uliochapishwa mwaka 2020 uligundua kuwa washindi wa fedha nyingi waliendelea kuridhika zaidi na maisha yao hata baada ya miaka mingi. Pengine wanaoumia ni walio karibu nao. Nchini Kanada, wachumi waliona kuwa majirani wa washindi walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi wa kufilisika, nao walikuwa wamenunua zaidi vitu vya kuonekana, kama magari.

Lakini Sweden ina dola inayolipia hospitali. Magharibi mwa Kenya, watafiti Pamela Jakiela na Owen Ozier waliwagawia wanakijiji fedha katika jaribio la uwekezaji, na matokeo yakachapishwa mwaka 2016. Wanawake walichagua njia yenye faida ndogo ilimradi kiasi walichopewa kisijulikane, hasa pale jamaa zao walipokuwapo. Kwa maneno mengine, walikuwa tayari kulipia siri.

Siri hiyo mfanyakazi wa nyumbani aliyeko Riyadh hana. Kijijini, kupata viza ya Saudi Arabia huhesabiwa kuwa ni kushinda. Picha moja iliyopigwa mbele ya Kingdom Centre siku ya mapumziko, ikatumwa kwenye kundi la familia katika simu, hufanya kazi ileile ya hundi kubwa ya mshindi mbele ya kamera. Mshahara wenyewe kwa kawaida ni kama riyali 900 hadi 1,000 kwa mwezi, yaani dola zisizofika 270.

Hapa ndipo hali yake inapozidi kuwa ngumu. Mshindi wa bahati nasibu anadaiwa alichonacho. Mhamiaji anadaiwa anachodhaniwa kuwa nacho. Akitaja mshahara wake halisi ataonekana mchoyo anayeficha, au atakiri kwamba safari iliyogharimu shamba la baba haikuwa ushindi. Wengi huchagua kutuma, kisha hukopa ili watume tena.

Visa vya nyumba iliyojengwa kwa maneno tu, huku fedha zikiliwa na kaka au mume aliyekabidhiwa, vinajulikana pwani na bara. Kwa hiyo wapo waliojifunza kutuma nusu nyumbani na nusu kwenye akaunti isiyojulikana na mtu, wengine kwa mwanachama mwenzao wa chama badala ya ndugu wa damu. Wapo pia wasiotangaza siku ya kurudi. Huteremka uwanja wa ndege wa Nairobi au Dar es Salaam bila kupokelewa na mtu, wakalala kwa rafiki siku mbili tatu, wakihesabu nani apewe nini kabla ya kupanda basi la kwenda kwao.