Jarida la misitu limfikie mwenye msumeno

Katika barabara ya kutoka Kamembe kwenda Huye, kabla ya kuingia Hifadhi ya Nyungwe, mashamba ya chai yamepakana na mikaratusi, ile tunayoiita inturusu. Mti huo ndio unaotupatia kuni, mkaa, nguzo na mbao. Lakini anayenunua mbao zake mbichi na kuzianika juani hupata hasara ileile kila mara: zinapasuka ncha na kupinda kabla mteja hajafika.

Dawa yake inajulikana. Mbao hupangwa kivulini, zikainuliwa kutoka ardhini, vijiti vikawekwa kati ya safu na safu ili hewa ipite, na ncha zikapakwa rangi zisikauke haraka. Wataalamu wameyaandika hayo zamani. Pale Ruhande, Huye, miti ya kigeni imekuwa ikijaribiwa tangu miaka ya 1930. Afrika Mashariki ina jarida la kilimo lililoanza mwaka 1935, na mwaka 1960 misitu ikaongezwa katika jina lake. Tatizo si uhaba wa elimu. Ni njia inayopitia.

Majarida haya huandikwa kwa Kiingereza, na mtafiti humwandikia mtafiti mwenzake. Hupandishwa cheo kwa makala aliyochapisha, si kwa mbao zilizookolewa.

Kwa maoni yangu, mambo matatu yangebadili hali hiyo. Kwanza, kila makala iambatane na ukurasa mmoja wa Kinyarwanda na Kiswahili, ambacho tangu mwaka 2017 ni lugha rasmi nchini mwetu: fanya nini, lini, kwa gharama gani. Pili, jarida lipokee maswali ya watunza vitalu, wachoma mkaa na wapasua mbao, na lichapishe pia majaribio yaliyoshindwa, maana hayo ndiyo yanayomwokoa mwingine. Tatu, watu hao wapewe viti katika kamati ya uhariri.

Wapo watakaosema kurahisisha ni kupotosha. Hofu hiyo ina msingi: ushauri wa Bugarama, bondeni kwenye joto, haufai kwenye baridi ya Nyungwe. Basi ukurasa huo utaje jaribio lilifanyika wapi na kwenye udongo gani. Makala kamili ibaki kwa wataalamu. Tanzania, gazeti la Mkulima Mbunifu limekuwa likiwaeleza wakulima kilimo hai kwa Kiswahili tangu mwaka 2011. Misitu nayo inaweza kuelezwa hivyo.

Nyungwe iliingia katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2023. Lakini kila ubao wa mkaratusi unaoharibika ni mti mwingine utakaotafutwa mahali fulani, ama upande huu wa mto Rusizi, ama ng'ambo. Mfanyabiashara wa mpakani hana haja ya shahada ili aelewe hesabu hiyo. Anachohitaji ni kuandikiwa kwa lugha anayofanyia biashara.