Rafiki, Wala Si Mganga

 

Injili ya Dominika ya 6 ya Pasaka, Mwaka B (Yn 15:9-17), inatuwekea mbele neno tulilolizoea hata halitushtui tena: Bwana anawaita wafuasi wake rafiki, wala si watumwa, na anataka furaha yake ikae ndani yao. Tuangalie saa aliyoyasema hayo. Ni usiku wa Karamu ya Mwisho; Yuda amekwisha kutoka, na msalaba uko umbali wa saa chache. Furaha inayotajwa hapo haiwezi kuwa ile ya mtu ambaye mambo yake yamemnyookea.

Kwa hiyo twayapinga, bila kumung'unya maneno, mahubiri yaliyoenea katika miji yetu, yanayomgeuza Kristo kuwa mganga mwenye kipaza sauti. Toa sadaka hii, nunua mafuta haya, nawe utapata kazi, mume, nyumba, viza. Usipopata, unaambiwa imani yako ni haba. Mama aliyemzika mwanawe anatwishwa hatia juu ya msiba! Huo si Ukristo. Ni biashara, tena biashara isiyo na risiti.

Wanaohubiri hivyo na wasome sura ya 11 ya Injili hiyo hiyo. Lazaro alikuwa rafiki; Bwana mwenyewe alimtaja hivyo. Dada zake walituma habari kwamba yule ampendaye ni mgonjwa. Je, urafiki huo ulizuia ugonjwa? Haukuzuia. Bwana alikawia siku mbili, Lazaro akafa, akawa kaburini siku nne. Marta na Maria hawakukemewa kwa machozi yao. Yesu naye alilia. Ni nani basi aliyetufundisha kwamba rafiki wa Yesu haugui wala halii?

Lakini tusiwanyoshee kidole wengine tu. Wapo waamini wetu wavaao rozari kama hirizi, na wapo wadhanio kwamba utakatifu ni kukunja uso. (Katika kwaya zetu nyingine hata Aleluya ya Pasaka huimbwa kama ya mazishi.) Baba Mtakatifu Fransisko, katika wosia wake wa kitume Evangelii Gaudium wa mwaka 2013, aliwaonya Wakristo wanaoishi kana kwamba ipo Kwaresima pasipo Pasaka. Naye Mtakatifu Teresa wa Avila, aliyefariki mwaka 1582, alieleza sala kuwa ni maongezi ya kirafiki na yule tujuaye kwamba anatupenda. Rafiki hatembelewi siku ya kukopa tu.

Urafiki huo humpa mtu furaha gani? Humpa furaha ya kutoachwa peke yake. Mwenyeheri Anuarite, sista wa Kongo aliyeuawa Isiro mwaka 1964, hakuepushwa na kifo. Lakini moyo wake ulikuwa huru hata akamsamehe aliyemwua. Moyo wa namna hiyo hauuzwi katika chupa.

Na Lazaro? Alifufuliwa, naam, ila hakupewa raha mustarehe. Yohane asimulia (12:1-11) kwamba siku sita kabla ya Pasaka Yesu aliandaliwa karamu huko Bethania, na Lazaro alikuwa mmoja wa walioketi naye chakulani. Watu wengi wakaja kumwona, nao makuhani wakuu wakafanya shauri la kumwua yeye pia.