Sanduku Jipya, Malipo Mapya

Wako watu wanaotuambia tusinung'unike. Wasema: televisheni ni anasa; asiyeweza kulipa na azime, asikilize redio. Maneno hayo tumeyasikia hapa Koni, tumeyasikia sokoni Likasi, na mara nyingi yatoka kwa watu ambao wenyewe wana masanduku mawili nyumbani. Twataka kuwajibu, maana jambo lenyewe si la anasa. Ni jambo la haki katika kuuza na kununua.

Kwanza tuwaeleze wale ambao hawakuelezwa, nao ni wengi. Zamani picha ya televisheni ilirushwa hewani kwa njia iitwayo analogia, na kila chaneli ilihitaji nafasi yake peke yake. Siku hizi picha hugeuzwa kuwa tarakimu, hubanwa, na katika nafasi ile iliyobeba chaneli moja zaweza kupita chaneli kumi au zaidi. Hiyo ndiyo dijitali. Televisheni ya zamani haiwezi kuzisoma tarakimu hizo, kwa hiyo huhitaji kisanduku cha kuzifumbua. Watanzania wamekipa jina zuri, king'amuzi. Sisi twakiita dekoda. Mwaka 2006 huko Geneva, nchi za Ulaya, Afrika na Mashariki ya Kati zilipatana kuiacha njia ya zamani, na siku kuu ya kuiacha ikawekwa kuwa 17 Juni 2015. Siku hiyo ilipofika, Kongo yetu ilikuwa haijamaliza kazi, wala haikuwa peke yake.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo husemwa kwa sauti ndogo. Ile nafasi iliyoachwa wazi hewani haikupotea. Ina thamani kubwa, maana yafaa sana kwa simu: mawimbi yake hufika mbali na kupenya kuta. Serikali nyingi za dunia zimeiuza kwa makampuni ya simu kwa fedha nyingi. Basi faida ya mageuzi haya ina wenyewe. Na gharama je? Gharama yamwangukia mama anayeuza makaa kando ya barabara, ambaye televisheni yake haikuharibika hata kidogo. Jana ilionyesha, leo imehukumiwa.

Nchi tajiri ziliona jambo hili. Marekani, iliyozima minara mikubwa ya analogia tarehe 12 Juni 2009, iliwapa watu hati za dola 40, hata mbili kwa kila nyumba, ili wanunue kisanduku. Uingereza, iliyomaliza mwezi wa Oktoba 2012, iliwasaidia wazee waliopita miaka 75 na watu wenye ulemavu. Hawakufanya hivyo kwa ajili ya huruma tu. Walijua ya kwamba anayeamuru badiliko ana deni kwa anayebadilishwa.

Lakini hata huko walikuwako wajanja. Marekani nyumba nyingi hupata televisheni kwa waya, nao wenye nyumba hizo waliambiwa wakae kwa amani: siku ya kuzima haiwahusu, maana wao hawategemei mnara. Ilikuwa kweli. Lakini katika majira yale yale, makampuni ya waya yalianza kuziondoa chaneli moja moja katika upande wa analogia na kuzipeleka upande wa dijitali, na mteja aliyezitaka akaambiwa akodi kisanduku kwa malipo ya kila mwezi. Bei ya zamani ilibaki pale pale, chaneli zikapungua. Wengi walidhani ndiyo amri ya serikali, na wauzaji hawakufanya haraka kuwatoa katika kosa hilo. Mwisho wa mwaka 2008 tume ya serikali inayosimamia mawasiliano iliyaandikia makampuni zaidi ya kumi kuyataka maelezo. Katika jimbo la Michigan, mji wa Dearborn na wenzake walikwenda mahakamani Januari 2008, na hakimu akaizuia kampuni isiziondoe mahali pake chaneli za wenyeji, zile zinazoonyesha mikutano ya baraza la mji na mambo ya shule.

Mtu atauliza: Michigan yatuhusu nini sisi wa Lufira? Yatuhusu kwa sababu werevu ni ule ule. Badiliko moja la lazima laja, na nyuma yake yajificha malipo matatu yasiyo ya lazima, na yote huitwa kwa jina moja: dijitali.

Tazameni jirani zetu. Tanzania ilizima analogia Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, kisha mji baada ya mji. Watu waliahidiwa ya kwamba chaneli kubwa za nchi zitaonekana bure hata kama mtu hakulipa mwezi. Ahadi njema. Lakini watu wengi wamenunua ving'amuzi vya dishi, na humo, malipo yalipokwisha, chaneli za nyumbani nazo zilifungwa pamoja na zile za mbali. Malalamiko yaliendelea hata Agosti 2018, ndipo Mamlaka ya Mawasiliano ikayakataza makampuni yenye leseni za kulipisha yasizionyeshe chaneli za bure. Matokeo yake? Mwenye dishi alizikosa kabisa chaneli za nchi yake, na aliyezitaka alitafuta king'amuzi cha pili. Serikali ilikuwa na sababu ya kisheria, hatubishi. Lakini katika ugomvi wa leseni aliyetoa fedha alikuwa yule yule. Kenya nayo, Februari 2015, chaneli nne kubwa zilitoweka karibu majuma matatu kwa sababu ya ugomvi wa nani apewe ruhusa ya kurusha, na wenye masanduku mapya walikaa wakitazama kioo kitupu.

Turudi kwetu. Hapa Koni malipo ya ziada yana sura yake. Mtambo wa Koni ulianza kazi mwaka 1950, na ule wa Mwadingusha, juu yake katika mto huo huo wa Lufira, mwaka 1930, yote miwili kwa ajili ya migodi. Umeme wazaliwa hapa, nasi watoto wa mahali hapa twajua kuliko wengine jinsi unavyokatika nyumbani. Sasa fikirini: mtu alipa dekoda yake kwa siku 30. Siku ya tatu umeme wakatika, warudi siku ya tisa. Juma la tatu wakatika tena siku nne. Dekoda imelala, televisheni imelala, lakini kompyuta ya kampuni, huko iliko, hailali. Yahesabu siku zake moja moja. Siku 30 zikiisha, chaneli zafungwa. Katika siku 30 ametazama 20, naye amelipa zote. Theluthi moja ya fedha yake imekwenda bure, na mwezi ujao atalipa tena vile vile.

Muuzaji hujibu kwamba umeme si kazi yake. Setilaiti iliendelea kurusha usiku na mchana, mtu atazame asitazame. Jibu hilo lina ukweli, wala hatutaki kumtwika mzigo wa mwingine. Lakini yeye aijua nchi anayouzia. Mbona makampuni ya simu huuza kwa siku na kwa juma? Mbona Kenya na Tanzania malipo ya televisheni kwa siku na kwa juma yamekwisha kuuzwa? Na kompyuta inayoweza kufunga chaneli saa sita kamili usiku, haiwezi kumruhusu mteja kusimamisha hesabu yake kwa ujumbe mmoja wa simu?

Tena kuna kile kisanduku chenyewe. Mara nyingi kimefungwa ili kisome chaneli za kampuni moja tu. Ukihama, wanunua kingine. Fundi hawezi kukifungua. Ni chako kwa kulipa, si chako kwa kutumia. Mtu akinunua jiko hapa, hakuna anayemwambia apike unga wa duka moja tu.

Wengine wasema kulalamika hakuleti kitu. Sisi Wakongo tunao mfano wetu wenyewe, tena wa karibu. Septemba 2020 ilianza ile ada ya kuandikisha simu, RAM, iliyosemwa kuwa ni kwa ajili ya kutukinga na simu za wizi na za bandia. Simu ya 3G au 4G dola saba kwa mwaka, simu ndogo dola moja. Haikuombwa, ilikatwa tu katika fedha ya simu, mtu ashtuke akikuta imepungua. Vijana walipiga kelele, wazee walipiga kelele, Oktoba 2021 Bunge lilimwuliza waziri maswali makali, na mwisho wa Februari 2022 ada hiyo iliondolewa. Dola saba! Wakubwa walisema ni kidogo, si kitu. Kwa nini basi waliishikilia hivyo muda wa mwaka mmoja na nusu?

Hatusemi watu waache televisheni. Wala hatuipigii debe. Mtoto anayekaa mbele ya kioo hata usiku wa manane tumekwisha kuwaonya wazazi wake. Lakini habari za nchi, za uchaguzi, za magonjwa, zapita humo, na haifai habari za nchi ziwe mali ya mwenye dola mkononi.

Tunayotaka yako wazi. Serikali, ikiyagawa masafa yaliyoachwa, itenge sehemu ya fedha kwa visanduku vya watu maskini, kama wenzetu walivyofanya. Chaneli za taifa zibaki wazi siku malipo yanapokwisha, katika kila kisanduku kinachouzwa nchini, kiwe cha dishi au cha antena. Kampuni ziuze kwa siku. Na ninyi akina baba na akina mama mnaoshuka Likasi kununua, kabla ya kufungua mkoba mwulizeni muuzaji maneno manne: siku zangu zikiisha, chaneli zipi zabaki? Kisanduku kikifa, nani akitengeneza, na kwa muda gani? Bei ya mwezi ni faranka ngapi, nayo yafuata dola au haifuati? Nikihama kampuni, kisanduku hiki chafaa nini? Majibu ayaandike nyuma ya risiti na kutia sahihi. Akikataa, rudini nyumbani na fedha zenu, mkatuambie jina la chaneli alizokuahidini, tuzilinganishe na zile alizowaahidi majirani.