Mwalimu wa Sayansi Naye Anahitaji Mlezi

Januari 2026 kundi la kwanza la wanafunzi wa mtaala wa CBC liliingia Gredi ya 10, kila mmoja na mkondo wake: STEM, sayansi ya jamii, au sanaa na michezo. Hapa Pwani tumejadili sana nani amepelekwa shule gani, karo ni kiasi gani na maabara ziko wapi. Yote hayo ni maswali ya haki. Lakini naona kuna swali moja tumeliruka: mwalimu wa sayansi anayewapokea watoto hawa, yeye anasaidiwa na nani?

Tukumbuke walikotoka. Sekondari Msingi zilipoanza 2023 ziliwekwa ndani ya shule za msingi, nyingi zikiwa hazina maabara. Walimu wengi walioajiriwa wakati huo walikuwa wanagenzi wa mkataba, kwa shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Mtu aliyesomea masomo mawili chuoni alijikuta anabeba Sayansi Jumuishi, Kilimo na mengine asiyoyasomea. Huko Ganze au Kinango, au Faza ambako safari ni ya boti, mwalimu kama huyo akikwama kwenye jaribio hana wa kumuuliza. Matokeo yake tunayajua: jaribio linachorwa ubaoni, mtoto ananakili, somo limekwisha.

Si kwamba nchi haijafanya lolote. Mwaka 1998 serikali na shirika la Japani, JICA, zilianzisha mradi wa SMASSE wa kuimarisha hisabati na sayansi katika shule za upili. Fikra yake ilikuwa nzuri: mwanafunzi afanye kwa mikono yake, na mwalimu abuni vifaa kutokana na vilivyo karibu naye. Wakufunzi wa kitaifa waliwafunza wa wilaya, nao wakawafunza walimu wakati wa likizo. Taasisi ya CEMASTEA, iliyoko Karen, Nairobi, ni tunda la kazi hiyo. Shida ya mpango wa ngazi kwa ngazi ni kwamba ujumbe hupungua kila unaposhuka, na semina ikiisha mwalimu hurudi darasani peke yake.

Kisha Septemba 2021 Tume ya Huduma kwa Walimu, TSC, ikazindua mafunzo ya lazima, mwalimu ajilipie shilingi 6,000 kwa mwaka. Vyama vya walimu vilipinga, na mimi siwalaumu. Ukimdai mwalimu pesa ili apate cheti, atakachotafuta ni cheti.

Mfano ulio bora tunao nyumbani. Mpango wa Tusome, ulioanza 2015 kwa usomaji wa Kiingereza na Kiswahili katika madarasa ya chini, uliwatumia maafisa wa mtaala wa kanda. Walipewa tableti, wakaingia darasani, wakamtazama mwalimu akifundisha, kisha wakaketi naye kuzungumza. Nauli yao ilirejeshwa kulingana na ziara walizofanya kweli. Kama tuliweza kwa kusoma, kwa nini tusiweze kwa sayansi?

Sisi watu wa Pwani jambo hili si geni kwetu. Kule Matondoni, Lamu, kijana hakufundishwa kuunda jahazi kwa semina ya siku tano. Alikaa na fundi, akashika msumeno, akakosea, akasahihishwa papo hapo.

Ninachopendekeza ni hiki. Kila mwalimu mpya wa sayansi apewe mwalimu mlezi kutoka shule jirani kwa miaka miwili ya kwanza. Mlezi huyo apunguziwe vipindi na alipwe nauli, maana bila hayo mpango utabaki kwenye makaratasi. Shule za upili zenye maabara ziwafungulie walimu wa Sekondari Msingi Jumamosi moja kwa mwezi, wajaribu majaribio kabla ya kuyapeleka darasani. Na Chuo Kikuu cha Pwani, kinachofunza walimu papa hapa Kilifi, kiwafuate wahitimu wake hata baada ya mahafali.

Mlezi wa hapa ana faida nyingine. Atamwonyesha mgeni kwamba mashamba ya chumvi ya Gongoni na Marereni ni somo kamili la maji kugeuka mvuke na chumvi kubaki, na kwamba mikoko ya Gazi ni somo la hewa ya kaboni. Maabara hiyo haihitaji tenda.

Najua jibu litakalokuja: walimu wenyewe hawatoshi, mlezi atatoka wapi? Ni kweli, upungufu upo. Ndiyo maana nasema tuanze na mmoja kwa kila kanda, na tuwaite pia walimu wa sayansi waliostaafu wangali na nguvu. Tukingoja idadi itimie, kundi hili la Gredi ya 10 litakuwa limeshamaliza, na kazi za bandari na za bahari zitawapata wengine huku sisi tukilalamika kama kawaida.

Mkono mmoja haulei mwana. Wazazi wenzangu, kwenye mkutano ujao wa shule, baada ya kuuliza wastani wa alama, ulizeni na hili: mwalimu wetu wa sayansi ametembelewa darasani mara ngapi muhula huu, na nani?