SHAMBA NA NYUMBA: Bungua wa Matawi ya Kahawa

Wapo askari wengi nchini Uganda waliopangwa kazi mbali na kwao, ambao karo ya watoto wao hutegemea shamba dogo la kahawa lililoachwa mikononi mwa mama au mzee wa nyumbani. Kwa jamaa kama hizo, tawi linalokauka si jambo la kupuuzwa. Tawi la mbuni ndilo libebalo matunda. Likifa, mavuno yake hufa pamoja nalo.

Mdudu anayekausha matawi hayo ni bungua mweusi, mwenye asili ya Asia. Nchini Uganda aliripotiwa kwanza mwaka 1993 huko Bundibugyo, karibu na mpaka wa Kongo. Baadaye akaenea katika sehemu nyingine zinazolima kahawa ya Robusta, Mukono ikiwa miongoni mwazo. Urefu wake haufiki milimita 2, lakini hasara yake ni kubwa.

Jike hutoboa upande wa chini wa kijitawi kichanga, akaacha tundu lenye upana usiofika milimita 1. Ndani huchimba njia, akapanda ukungu aliokuja nao mwilini, kisha akataga mayai. Ukungu huo ndio chakula chake na cha watoto wake. Majani ya kijitawi hicho hunyauka, yakageuka rangi ya kahawia, yakabaki yananing'inia.

Baada ya mwezi mmoja hivi, kizazi kipya huwa tayari. Madume hawaruki; majike hupandwa na ndugu zao humo humo ndani, kisha hutoka kutafuta matawi mengine. Basi jike mmoja aliyesalimika anatosha kuanzisha maangamizi upya.

Dawa ya kunyunyizia haimfikii kwa urahisi, kwa kuwa amejificha ndani ya mti. Yafaa kufuata utaratibu huu:

Kwanza, shamba likaguliwe kila juma. Kijitawi kilichonyauka kigeuzwe, na tundu litafutwe upande wa chini.

Pili, kikatwe chini ya tundu, mahali penye mti mzima usiochimbwa.

Tatu, vyote vilivyokatwa vichomwe moto siku hiyo hiyo. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Wengine huviacha chini ya mbuni, wengine huvirundika jikoni vingoje kuwa kuni. Tawi lililotupwa halijamwua mdudu. Limemshusha tu kutoka juu, naye ataruka tena.

Nne, machipukizi yasiyohitajika yaondolewe, na kivuli kizito kipunguzwe, kwa maana mdudu huyu hustawi penye giza na unyevu. Miti ya kivuli nayo ikaguliwe, pamoja na miparachichi na mikakao, kwa sababu huishi humo pia.

Kazi hii haimfai mtu mmoja peke yake. Anayechoma matawi yake huku jirani akiyaacha ya kwake, atakaribisha bungua wale wale mwezi ujao. Ni heri majirani wapatane siku moja, wakague mashamba yao yote kwa pamoja.

Askari aliye mbali hawezi kushika mkasi wa kupogolea, lakini anaweza kupiga simu nyumbani. Asiulize kilo zilizouzwa tu. Aulize pia kama matawi yaliyokatwa yamekwisha kuchomwa.