KODI YA MOSHI WA MELI: VISIWA VINA LA KUSEMA

Mwezi Oktoba 2025, mjini London, wajumbe wa Shirika la Kimataifa la Bahari, IMO, walikutana kupitisha mpango wa kuzitoza meli kubwa kwa ajili ya hewa ya ukaa inayotoka katika mabomba yao. Hawakuupitisha wala hawakuukataa. Kwa kura 57 dhidi ya 49 waliuahirisha kwa mwaka mmoja. Hapa kwetu habari hiyo ilipita kimya, kana kwamba ni ugomvi wa matajiri wenye meli. Sisi tunaona kuwa hilo ni kosa, kwani ni wachache duniani wanaoishi kwa meli kama tunavyoishi sisi.

Kwanza ieleweke ni jambo gani lililokuwa likibishaniwa. Mpango huo, ambao mwezi Aprili mwaka huo uliungwa mkono kwa kura 63 dhidi ya 16, unazihusu meli za safari za kimataifa zenye ukubwa unaozidi tani 5,000. Meli inayopita kiwango cha hewa chafu ilichowekewa ingelipa, kwa miaka ya mwanzo, dola 100 kwa kila tani iliyozidi, na kwa inayozidi sana dola 380. Majahazi, mashua na boti zinazotuvusha baina ya Unguja, Pemba na Dar es Salaam hazimo. Kwa hiyo atakayewaambia abiria kuwa nauli imepanda kwa sababu ya London atakuwa anawapotosha.

Lakini haifai nasi tukawapotosha wasomaji kwa upande wa pili. Mchele mwingi tunaoula hutoka ng'ambo, na ngano, sukari na mafuta ya petroli navyo huja kwa meli. Mwenye meli akitozwa hatatoa fedha mfukoni mwake. Atazitia katika nauli ya mzigo, mwenye mzigo atazitia katika bei ya gunia, na safari ya kodi hiyo itaishia kwa mama wa Micheweni anayenunua mchele kwa kilo. Mwenye duka kubwa mjini hatalihisi ongezeko hilo. Yule ambaye chakula ndicho kinachomaliza kipato chake atalihisi siku ya kwanza.

Hofu hii si ya kubuni. Ufaransa, mwaka 2018, watu wa vijijini na miji midogo walijaa barabarani wamevaa vizibao vya manjano kupinga nyongeza ya kodi ya mafuta, hata Serikali ikarudi nyuma. Canada nayo iliiondoa tozo ya hewa ya ukaa kwa watumiaji wa kawaida mwezi Aprili 2025, ijapokuwa sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa ikirudishwa kwa wananchi wenyewe. Kwa upande mwingine, Sweden imekuwa ikitoza tangu 1991 na uchumi wake umekua huku moshi ukipungua. Afrika Kusini ilianza mwaka 2019, kwa kiwango kidogo na misamaha mingi.

Pamoja na hayo yote, wanaopinga husahau kwamba kodi hii inalipwa tayari. Mkulima wa Pemba ambaye bonde lake la mpunga limeingiwa na maji ya chumvi amekwisha kuilipa, tena bila ya stakabadhi, kwa moshi ambao hakuutoa yeye. Hoja iliyobaki ni nani anayestahili kulipa, na fedha ziende wapi.

Na hapo pa mwisho ndipo maofisa wetu wanapopaswa kukesha. Mpango wa IMO unataja mfuko, na unazitaja nchi zenye maendeleo duni na nchi za visiwa vidogo kuwa za kuangaliwa kwanza. Komoro imo katika makundi yote mawili. Unguja, Pemba na Mafia si dola, na kwa hiyo havimo katika orodha ya visiwa. Mlango wetu ni ule wa Tanzania kama nchi yenye maendeleo duni, nayo mwaka 2024 ilitimiza kwa mara ya kwanza vigezo vya kutoka katika kundi hilo. Likifungwa hilo kabla ya haki yetu kuandikwa, tutalipa katika gunia na tusipate katika mfuko.

Iko pia aibu ndogo ambayo haifai kufichwa: Zanzibar husajili meli za kigeni na kupata ada kwazo, na baadhi ya watu watapenda tunyamaze kwa sababu hiyo. Visiwa vya Marshall vina daftari la meli lililo miongoni mwa makubwa kabisa duniani, na bado vilisimama mbele kudai tozo kwa kila tani.

Tunaiomba Serikali ilifikishe jambo hili katika Baraza la Wawakilishi, na itoe hesabu moja tu iliyo wazi: gunia la mchele la kilo 50 kutoka Karachi hadi Malindi litaongezeka shilingi ngapi? Hesabu hiyo ibandikwe Darajani na Chake Chake, watu waisome, ndipo wajumbe wetu wapande ndege kwenda London.